Kananga: nani anafunzwa kuchunga anga la Kongo?

Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Februari 2024, droni ziliangusha mabomu kwenye uwanja wa ndege wa Goma. Jeshi lilishitaki Rwanda. Wakaaji na wahami wa vita walijua jambo hilo kwa masikio, milipuko ilipokwisha kutokea.

Mwaka mmoja nyuma, tarehe 24 Januari 2023, Sukhoi-25 ya FARDC ilipigwa kombora juu ya mji huohuo. Kigali ikasema ndege ilivuka mpaka, Kinshasa ikasema haikuvuka. Ugomvi wa namna hiyo unahitaji picha ya rada, na ofisa anayejua kuisoma: ndege ilikuwa wapi, urefu gani, dakika gani.

Ofisa huyo hufunzwa. Kananga ilipokuwa ingali Luluabourg, Wabelgiji walikuwa na shule ya Force Publique hapo. Mobutu alisomea kwenye shule hiyo, na kazi waliyomfunza ilikuwa ukarani na hesabu. Basi! Uofisa ulibaki wa wazungu. Tarehe 5 Julai 1960 Jenerali Janssens aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru na baada ya uhuru ni sawasawa, wakaasi. Leo chuo cha kijeshi cha Kananga kinatoa maofisa Wakongomani. Hatua kubwa, lakini adui wa siku hizi anapita juu.

Wengine wanasema: serikali inunue rada, maneno yaishe. Hapana. Rada hutuma mawimbi, yakigonga kitu yanarudi. Hurudi pia kutoka kwenye mvua, makundi ya ndege wa porini na milima, na Kivu haikosi milima. Droni ndogo inayoruka chini hujificha nyuma yake. Kutenganisha mvua na bomu ni kazi ya mtu aliyesoma hesabu na fizikia kwa miaka, si ya mtoto wa mkubwa aliyepewa cheo.

Wabunge wanapopiga kura ya bajeti ya ulinzi, waulize: ni maofisa wangapi wa rada wanafunzwa, kwa muda gani, na wakimaliza wanapelekwa wapi? Wataambiwa ni siri ya jeshi. Mahali rada ilipowekwa, sawa, ni siri. Lakini kama kuna mwalimu darasani au hakuna, mama aliyelala chini ya hema ana haki ya kujibiwa.