Uji wa Mgonjwa na Unga wa Nani?

Wazee wetu wa pwani walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Hupikiwa, akaletewa. Ni usemi wa huruma, nao hatuna la kuuongezea. Lakini mzima anayetakiwa kutoa unga wa uji huo hana budi kuulizwa. Na yule asiye na unga kabisa hana budi kufikiriwa kabla moto haujawashwa. Hapo ndipo penye kiini cha mabishano yote ya sheria za bima ya afya katika nchi zetu, nasi wa Pemba haitupasi kuyatazama kama ngoma ya jirani.

Tuanze na Tanzania Bara. Mwezi wa Septemba 2022 Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa bungeni Dodoma kwa mara ya kwanza. Shabaha yake ilikuwa njema: kila mkaazi awe na bima, ili maradhi yasimlazimishe mtu kuuza shamba. Hata hivyo, ulipofika mikononi mwa wananchi, mambo mawili yaliamsha malalamiko. La kwanza ni shuruti: muswada ulifungamanisha bima na huduma nyingine, kama leseni ya udereva, leseni ya biashara na usajili wa wanafunzi wa kidato cha tano na wa vyuo. La pili ni kiwango: kaya ya watu sita ilitajiwa mchango wa shilingi 340,000 kwa mwaka. Muswada ukaahirishwa zaidi ya mara moja, hata ukapitishwa tarehe 2 Novemba 2023, na Rais Samia Suluhu Hassan akautia saini kabla ya mwaka huo kwisha.

Ni rahisi kuilaani shuruti. Lakini tukio la Machi 2023 latufundisha tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mwezi huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha uandikishaji wa watoto mmoja mmoja kwa ile Toto Afya Kadi, iliyolipiwa shilingi 50,400 kwa mwaka, kwa kuwa gharama za matibabu zilikuwa zimeipita michango kwa mbali. Sababu si ya ajabu. Palipo na hiari tupu, wanaoharakia kujiunga ni wale wenye mgonjwa nyumbani. Wenye afya hukaa pembeni wakingoja siku yao. Mfuko wa namna hiyo ni kama upatu ambao kila mmoja anataka kupokea wa kwanza, na hakuna anayetaka kutoa. Hatimaye anayeumia ni mtoto.

Kwa hiyo shuruti inayo hoja. Ila shuruti isiyotanguliwa na msaada kwa fukara hugeuka kuwa adhabu ya ufukara. Ndiyo maana, katika mabishano yale ya Dodoma, swali lililostahili kuuchelewesha muswada lilikuwa moja tu: asiye na uwezo atalipiwa na nani, na kwa fedha ipi? Sheria iliyopitishwa ilijaribu kulijibu, ikataja vyanzo vya mapato, vikiwamo ushuru wa vinywaji na vipodozi na kodi ya michezo ya kubahatisha. Jibu hilo lingali lahitaji kupimwa kwa vitendo. Lakini ni afadhali sheria iliyochelewa ikaja na jibu kuliko iliyowahi ikaja na faini.

Wala tusisifu kila kuchelewa. Nchini Uganda Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya Machi 2021, lakini haukutiwa saini ukawa sheria. Wala tusisifu kila haraka. Nchini Kenya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023. Tarehe 12 Julai 2024 Mahakama Kuu ikaitangaza, pamoja na nyingine mbili zilizoambatana nayo, kuwa kinyume cha Katiba, na upungufu wa kuwashirikisha wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu. Septemba Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo, na tarehe 1 Oktoba 2024 utaratibu mpya ukaanza kazi. Wanasheria waliyafuata hayo yote kwa kalamu na karatasi. Mgonjwa aliyekuwa kitandani kati ya hukumu na rufani aliyafuata kwa maumivu.

Sasa tujitazame wenyewe. Afya si miongoni mwa mambo ya Muungano; hivyo sheria ile ya Dodoma haituhusu moja kwa moja, na mlango wetu ni Baraza la Wawakilishi. Hapa Visiwani, tangu serikali ya Mzee Abeid Amani Karume itangaze matibabu ya bure baada ya Mapinduzi ya 1964, wananchi wamelelewa katika ahadi hiyo. Ni ahadi tukufu, lakini huwa tupu pale mgonjwa anapopewa cheti akanunue dawa dukani. Mwaka 2023 ulianzishwa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ukianzia kwa watumishi wa umma. Mtumishi hukatwa katika mshahara. Hesabu yake ni nyepesi. Je, mvuvi wa Kojani, ambaye pepo zikichafuka harudi na kitu? Je, mama wa mwani, anayelipwa kwa kilo? Je, mchumaji wa karafuu, mwenye fedha wakati wa msimu na mikono mitupu baada yake?

Watu hawa hawakatai kuchangia. Wanachohitaji ni mchango unaofuata mwendo wa riziki yao, kwa mfano utolewe wakati karafuu zinapouzwa. Na orodha ya wasio na uwezo iandikwe shehiani hadharani, pasipo kuuliza mtu ni wa chama gani. Katika kisiwa ambacho siasa imewahi kugawanya hata majirani, jambo hili la mwisho si dogo. Aidha, kadi haivushi maji. Mja mzito wa kisiwa kidogo ahitaji chombo cha kumfikisha Wete, Chake Chake au Mkoani kabla ya kuulizwa kadi yake.

Papa Yohane wa Ishirini na Tatu, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, aliyataja matibabu miongoni mwa haki za binadamu. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa, wanajua kwa zaka kwamba mali ya mwenye nacho ina fungu la asiye nacho. Katika hili hatuna la kubishania.

Basi, ndugu msomaji, Mwakilishi wako atakapokuja kuomba kura au kueleza muswada, usimwulize kwanza ni wa upande gani. Mwulize unga wa asiye na unga utatoka wapi. Akikujibu kwa hesabu, msikilize. Akikujibu kwa kaulimbiu, mwombe kwa adabu arudi akiwa na hesabu.