Tusiionee haya githeri

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alifunika bakuli lake upesi aliponiona nikipita. Mlikuwa na githeri. Sikumlaumu, kwani zamani nami nilikuwa vivyo hivyo.

Katika shule ya bweni niliyosomea, githeri ilikuwa chakula cha kila adhuhuri: mahindi magumu, maharagwe ya kuhesabika na fukusi wakielea juu ya mchuzi. Tuliapa kwamba tukipata mshahara hatungeigusa tena. Nilikitimiza kiapo hicho kwa miaka mingi, hata nyumbani kwa mama, ambaye kila nilipomtembelea alinipikia wali kana kwamba mimi ni mgeni.

Siku moja nilifika bila taarifa, nikamkuta akila githeri. Akaniomba radhi. Mama mzazi kuniomba radhi mimi kwa chakula alichonilea nacho! Nilivuta kigoda, nikala naye. Mahindi yalikuwa yamelainika, maharagwe yamekolea kitunguu na nyanya. Tangu hapo nimekuwa nikiipika mwenyewe, na kila niipikapo naipenda zaidi.

Waama, chakula hiki kina hadhi yake. Wakamba hukiita isyo, Waluo nyoyo. Kiswahili sanifu kina pure, na jirani zetu Watanzania husema makande. Isitoshe, protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, ilhali maharagwe yana laisini tele. Hivyo kimoja hukamilisha kingine. Mazao yote mawili asili yake ni bara la Amerika. Wazee wetu waliyapokea wakayafanya yao, sawa na lugha inavyopokea maneno ya kigeni ikayapa viambishi vyake.

Walimu wenzangu, haya ya mwanafunzi yule haikutoka jikoni kwao. Aghalabu darasa linalomfunza mtoto kuionea aibu lugha ya mamake ndilo linalomfunza kukionea aibu chungu chake. Tukiwacheka wanaobeba githeri, tunawacheka mama zao. Nanyi wanafunzi, mkirudi likizoni msingoje kupikiwa wali. Ombeni githeri, nanyi mjifunze kuipika angali yupo wa kuwafunza.

Usiache mbachao kwa msala upitao.