Upandikizaji Mimba: Vipimo vya Virusi Vinawahusu Mume na Mke

Kwa wanandoa wa Kata ya Njoro, Manispaa ya Moshi, wanaotafuta mtoto kwa njia ya upandikizaji mimba, gharama si swali pekee. Lipo pia la iwapo virusi vilivyomo mwilini mwa mmoja wao vinaweza kufikia kiinitete.

Yai huzingirwa na utando mzito unaozuia virusi vingi. Hatari kubwa zaidi imo katika majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Mwaka 1992, Daktari Augusto Semprini wa Milan, Italia, alichapisha matokeo ya kusafisha mbegu za wanaume wenye VVU. Baadhi ya wake zao walipata mimba, na hakuna aliyeambukizwa. Leo dawa za kufubaza VVU zimepunguza hofu hiyo zaidi.

Homa ya ini B ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini. Virusi vyake hustahimili baridi ya naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, inayotumika kuhifadhi viinitete. Mwaka 1995 iliripotiwa London kuwa wagonjwa waliambukizwa kupitia tangi la namna hiyo baada ya mfuko wenye chembe za mgonjwa mwingine kuvuja. Havikuwa viinitete, lakini funzo lilieleweka: vyombo vifungwe barabara na sampuli zenye maambukizi zitengwe.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya ugonjwa huo mwaka 2002. Wengi wanaotafuta mtoto leo walizaliwa kabla ya hapo, na mke kupimwa peke yake, kama ilivyozoeleka, hakutoshi.