UCHAMBUZI: Usalama wa ndege kwenye ukungu huandaliwa siku za jua

KILA ukungu unapotanda katika Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA), Nairobi, malalamiko ya abiria huwa yale yale. Ndege iliyotarajiwa kutua alfajiri huzunguka angani kwa muda, kisha huelekezwa Mombasa, Eldoret au hata Kilimanjaro nchini Tanzania. Walio chini nao husubiri kwa saa nyingi, huku wenye shehena za maua na mboga wakihesabu hasara.

Swali linalozuka ni hili: Iweje ndege ya kisasa, iliyovuka bahari na majangwa usiku kucha, ishindwe na ukungu uliotanda kilomita chache tu kutoka mwisho wa safari?

Ukweli ni kwamba ndege haiwezi kutua kwa uwezo wake pekee. Siku ya kawaida, mwongozaji ndege aliye mnarani hutegemea macho yake. Huiona ndege inayokaribia, inayosubiri zamu ya kupaa, na hata gari la wafanyakazi linalovuka uwanjani. Ukungu ukishuka, macho hayo hupofuka. Kuanzia hapo, mnara hutegemea mitambo, taa na maneno yanayosemwa kwenye redio.

Kanuni za kimataifa zimeweka mipaka iliyo wazi. Katika kiwango cha kwanza cha kutua kwa kutumia mitambo, rubani lazima aweze kuona umbali wa angalau mita 550 kwenye barabara ya kutua. Aidha, lazima awe ameiona barabara hiyo au taa zake kabla ya kushuka chini ya mita 60 kutoka ardhini. Kiwango cha pili huruhusu umbali huo upungue hadi mita 300, na kimo hadi mita 30. Kiwango cha tatu huenda chini zaidi ya hapo.

Hata hivyo, viwango hivyo vya juu havitegemei ndege pekee. Ndege, marubani wake na uwanja wenyewe ni sharti viwe vimeidhinishwa. Kimojawapo kikikosa, thamani ya vile vingine viwili haisaidii kitu asubuhi hiyo.

Hali inapokaribia mipaka hiyo, waongozaji ndege huanza utaratibu maalumu. Magari yasiyo ya lazima huondolewa uwanjani. Ndege zinazosubiri kupaa husimamishwa mbali zaidi na barabara, kwa sababu mwili wa ndege kubwa unaweza kupotosha mawimbi ya redio yanayomwelekeza rubani anayetua. Taa nyekundu huwashwa kukata njia za pembeni, na hakuna rubani anayeruhusiwa kuzivuka kabla hazijazimwa na kupewa idhini. Kila agizo muhimu hurudiwa na rubani neno kwa neno, ili mnara uhakikishe kuwa limeeleweka.

Isitoshe, nafasi baina ya ndege moja na nyingine huongezwa. Hapa ndipo foleni inapoanzia. JKIA ina barabara moja tu ya kurukia na kutua, hivyo kila dakika inayoongezwa kwa anayetua hupunguzwa kwa anayesubiri kupaa. Rubani aliye angani naye hutazama kipimo cha mafuta. Yakifikia kiwango cha kumwezesha kufika kiwanja mbadala na akiba ya lazima, hana budi kuondoka.

Taratibu hizi hazikubuniwa na watu wapendao kuwachelewesha wenzao. Nyingi ziliandikwa baada ya mazishi.

Mnamo Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya shirika la KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, nchini Uhispania. Watu 583 walifariki, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo. Uwanja huo uko kwenye mwinuko ambako mawingu hushuka hadi ardhini, na haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo chini. Mnara haukuziona ndege hizo, wala ndege zenyewe hazikuonana hadi dakika ya mwisho.

Rubani wa KLM alianza kupaa bila idhini. Mnara na marubani walikuwa wametumia maneno yaliyoweza kufasiriwa kwa njia mbili, na ujumbe wa tahadhari ukavurugika kwa kuwa wawili walizungumza kwa wakati mmoja kwenye redio. Tangu hapo lugha ya mnara ilibadilishwa. Neno la kupaa hutamkwa tu wakati idhini ya kupaa inapotolewa au kufutwa. Kwingineko kote hutumika neno la kuondoka.

Ingedhaniwa kwamba funzo hilo lilitosha. Lakini mnamo Oktoba 8, 2001, katika uwanja wa Linate mjini Milan, Italia, ndege ya abiria ya shirika la SAS ilikuwa ikishika kasi ya kupaa ndani ya ukungu mzito ilipogongana na ndege ndogo aina ya Cessna iliyokuwa imeingia barabarani kimakosa. Watu 118 waliangamia, wakiwemo wanne waliokuwa kazini katika jengo la mizigo.

Marubani wa Cessna walifuata njia isiyokuwa yao. Makosa yao, hata hivyo, yalikuta mlango ukiwa umeachwa wazi. Rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi, na iliyonunuliwa badala yake haikuwa imeanza kutumika. Vifaa vya kutambua ndege inayoingia barabarani bila idhini vilikuwa vimezimwa miaka kadhaa awali. Alama za njia za pembeni hazikutimiza viwango vya kimataifa. Rubani alipotaja alama aliyofikia, mwongozaji ndege hakuitambua. Baadaye mahakama ilipowapata maafisa kadhaa na hatia, ilikuwa wazi kwamba ajali ile ilikuwa imeandaliwa siku nyingi kabla ya ukungu kutanda.

Kenya nayo imeonja tahadhari na msiba. Mnamo Aprili 2008, ndege kubwa ya abiria aina ya Airbus A340 iliyokuwa ikitua JKIA iliingia katika ukungu ikiwa karibu mno na ardhi. Ilitoka nje ya lami kabla ya rubani kuipaisha tena. Hakuna aliyejeruhiwa.

Miaka miwili kabla ya hapo, Aprili 10, 2006, mambo hayakuwa hivyo Marsabit. Ndege ya Jeshi la Wanahewa iliyowabeba viongozi waliokuwa katika ujumbe wa amani iligonga mlima katika hali mbaya ya hewa. Watu 14 kati ya 17 walifariki, wakiwemo wabunge Bonaya Godana na Mirugi Kariuki. Viwanja vidogo vya aina hiyo havina mitambo iliyoko Nairobi. Mahali kama hapo, uamuzi wa kurudi nyuma ndio kinga kuu aliyonayo rubani.

Mambo haya yanaonyesha kwamba mjadala wa ukungu hauwezi kuishia kwenye saa zilizopotea. Abiria ana haki ya kuelezwa mapema na kwa ukweli kinachoendelea, na kampuni za ndege zisijifiche nyuma ya hali ya hewa kuwatelekeza wateja kwenye viti vya uwanja. Lakini hana haki ya kutaka mnara ulegeze kanuni ili awahi mkutano.

Wajibu mzito zaidi uko kwa wanaosimamia viwanja na safari za ndege. Taa iliyoungua, alama iliyofifia, mtambo unaosubiri kipuri na mwongozaji ndege anayefanya zamu mbili kwa sababu wenzake ni wachache, vyote havionekani kuwa hatari jua linapowaka. Ndiyo maana bajeti zake huwa rahisi kuahirishwa. Ukungu hauleti udhaifu mpya, bali hufichua uliokuwepo.

Kwa hivyo, siku ndege itakapoelekezwa Mombasa badala ya Nairobi, swali la kuuliza si kwa nini rubani hakujaribu. Ni kama mitambo ilikaguliwa kwa wakati, kama wafanyakazi walifunzwa na kupumzika, na kama mwongozaji ndege alikuwa na uhuru wa kukataa bila kuogopa simu ya mkubwa. Wahenga walinena kuwa kawia ufike. Kwa msafiri wa angani, kukawia huko hulindwa na watu walio mnarani, wakiongoza ndege wasizoweza kuziona.