Utafiti wa Zabibu ni Mali ya Nani?

Mwanafunzi mpenzi, iwapo umekuwa ukidhani kwamba msamiati wa kilimo ni wa kukariri kwa ajili ya mtihani tu, nakuomba unisindikize hadi Dodoma, kitovu cha kilimo cha zabibu nchini Tanzania. Nchi ile ni kame. Mvua hunyesha msimu mmoja, kisha jua hutawala kwa miezi mingi. Hata hivyo, mkulima wa huko huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Siri i katika kupogoa. Kule Ulaya mzabibu hupukutisha majani na kulala wakati wa baridi kali. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza, hivyo mkulima mwenyewe ndiye anayeamua uamke lini: akikata matawi leo, huhesabu takribani miezi minne hadi mavuno. Kitabu kilichoandikwa Ufaransa hakiwezi kumchagulia siku hiyo. Ndiyo maana kipo kituo cha utafiti Makutupora, kaskazini mwa jiji, ambacho leo ki chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Msimamo wangu ni huu: utafiti unaogharamiwa na umma haujakamilika mpaka umfikie mkulima kwa lugha anayoielewa, tena kabla ya msimu kuanza. Ripoti iliyofungiwa kabatini, au iliyoandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu pekee, ni deni ambalo halijalipwa. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa mwananchi haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli zake. Ugonjwa unaoangamiza shamba lake usipohesabiwa humo, sijui ni kipi kitakachohesabiwa.

Tazama jinsi neno moja linavyoweza kuokoa shamba. Mizabibu hushambuliwa na magonjwa mawili ya ukungu ambayo mtu asiyefundishwa huyaita kwa jina moja. La kwanza ni ubwiriunga: jani na tunda huonekana kana kwamba vimenyunyiziwa unga. La pili ni ubwirivinyoya: jani huwa na mabaka ya manjano juu, na chini yake huota utando mweupe mithili ya vinyoya. (Waliobuni istilahi hizi wanastahili pongezi, ugonjwa umechorwa ndani ya jina lake.) Tofauti hiyo si ya kamusi tu. Salfa hufaa dhidi ya ubwiriunga, lakini haiuzuii ubwirivinyoya, ambao kwa miaka mingi umekabiliwa kwa dawa za shaba. Mkulima asiyezitambua dalili huweza kukopa fedha, akanunua dawa isiyohusika, akanyunyiza kwa bidii, na bado akashuhudia vichala vikinyauka.

Wapo wanaosema kwamba mkulima hapendi kusoma, na kwamba kumpa maelezo ya kitaalamu ni kumchanganya. Sikubaliani nao. Mnamo mwaka 1882, katika eneo la Médoc nchini Ufaransa, profesa Alexis Millardet aliona kwamba mizabibu iliyokuwa kando ya barabara ilikuwa na majani mazima ilhali mingine imeathiriwa na ubwirivinyoya. Wakulima walikuwa wameipaka mrututu uliochanganywa na chokaa ili ionekane ya kutisha na wapita njia wasiibe zabibu. Profesa hakuwadharau. Alijaribu mchanganyiko ule, akautangaza mwaka 1885, na ukajulikana duniani kwa jina la mji wa Bordeaux. Kwa hiyo, ndugu msomaji, maarifa hayateremki tu kutoka maabara kwenda shambani, hupanda pia. Afisa ugani anayefika kijijini na kuongea peke yake hadi jioni amefanya nusu ya kazi.

Nakiri kwamba maarifa pekee hayauzi zabibu. Mwenye mavuno mazuri asiye na mnunuzi, wala mahali pa kukamulia mchuzi wa zabibu, atapata hasara vilevile. Lakini hilo ni jambo la kuongeza juu ya elimu. Halitupi ruhusa ya kuiahirisha.

Nasi wa nchi jirani? Hapa Uganda zao letu kuu ni kahawa, na Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Basi tusikiache kiishie kwenye ngeli na methali. Wiki hii nenda kwenye duka la pembejeo lililo karibu nawe, uombe kuisoma lebo ya dawa moja ya ukungu. Andika kwa Kiswahili kipimo chake, siku za kusubiri kabla ya kuvuna na mavazi ya kujikinga. Kisha msomee jirani anayelima, na umwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa.