Mawakala wa mizigo ya ndege: chama kijisafishe, ndipo kisikilizwe

Tarehe 3 Juni, 2023, ndege ya mizigo ya Shirika la Ndege Tanzania ilipotua katika Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, wananchi walifurahi, na furaha yao ilikuwa ya haki. Ndege hiyo, aina ya Boeing 767-300F, ina uwezo wa kubeba tani 54. Magazeti yaliandika habari zake, redio zikazitangaza, na katika vijiwe watu wakaanza kuhesabu minofu ya Mwanza, mboga za Lushoto na maua ya Arusha yatakavyofika Ulaya na Arabuni bila ya kupita mlango wa jirani.

Lakini ndege haijijazi yenyewe. Rubani hana kazi ya kujua bei ya maharage mabichi, wala karani wa shirika la ndege hana wasaa wa kwenda mashambani kuuliza nani atakuwa na katoni ngapi Alhamisi ijayo. Kazi hiyo ni ya mtu mwingine kabisa, ambaye picha yake haikutokea gazetini siku ile, naye ni wakala wa mizigo ya ndege. Na kwa kuwa wakala mmoja mmoja ni mdogo mbele ya shirika la ndege na mbele ya Serikali, mawakala katika kila nchi huungana katika chama. Hapa nchini wapo ndani ya Chama cha Mawakala wa Forodha Tanzania, TAFFA, pamoja na wenzao wa bandarini na wa mipakani. Wajibu wa chama cha namna hiyo haujaelezwa vya kutosha, na kwa sababu hiyo wengi hukichukulia kuwa ni umoja wa kulalamikia kodi.

Yafaa kwanza kazi yenyewe ieleweke. Mzigo wa ndege hautozwi kwa uzito peke yake. Ndege hujaa kwa namna mbili, yaani kwa kilo na kwa nafasi, na kwa hiyo mashirika ya ndege hupima yote mawili na kutoza lile lililo kubwa zaidi. Kipimo cha kawaida ni kwamba kila sentimeta za ujazo 6,000 huhesabiwa kuwa kilo moja. Katoni yenye urefu wa sentimeta 100, upana 40 na kimo 30 itahesabiwa kilo 20, hata kama ndani yake mna maua ya kilo 12 tu. Mwalimu wa hesabu akitaka mfano wa kuwapa wanafunzi wake asihangaike kutafuta mwingine.

Sasa mtu mwenye katoni 10 za namna hiyo, za bidhaa yoyote nyepesi, atatozwa kilo 200. Jirani yake mwenye masanduku 10 ya vipuri, kila moja kilo 30 lakini ujazo ule ule, atatozwa kilo 300. Wakienda kila mtu kivyake watalipia kilo 500. Wakala akiwaweka pamoja chini ya hati kuu moja, uzito halisi ni kilo 420 na uzito wa ujazo ni kilo 400, basi shirika la ndege hutoza 420. Kilo 80 zimeokolewa, na hakuna aliyeibiwa. Tena bei ya kila kilo hushuka kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa, hivyo mwenye kilo 50 akiingizwa katika kundi la kilo 1,000 hupata nafuu ambayo peke yake asingeiota. Huu ndio ushirika, ingawa haukuandikishwa kwa jina hilo. Mkulima mdogo hawezi kuufikia uwanja wa ndege ila kwa njia hii.

Ni hapa ndipo lilipo jibu la swali linaloulizwa kila mwaka kaskazini mwa nchi. Uwanja wa Kilimanjaro upo tangu mwaka 1971, nao uko karibu na mashamba ya maua ya Arusha kuliko uwanja mwingine wowote mkubwa. Hata hivyo kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maua na mboga za huko imekuwa ikipakiwa katika malori, ikavuka Namanga na kupandishwa ndege Nairobi, na hati ya ndege ikaandikwa Nairobi. Wapo wanaosema kwamba sababu ni uvivu au ukosefu wa uzalendo. Hayo ni maneno mepesi. Ndege ya mizigo haiji kuchukua maua ikiwa tupu. Inataka mzigo wa kuja nao na mzigo wa kuondoka nao. Nairobi ina mizigo ya pande zote mbili, ina ndege nyingi kwa wiki, na ina mawakala waliozoea kukusanya vidogo vidogo mpaka vikawa vikubwa. Wakulima wa bustani wa Tanzania waliliona jambo hili wenyewe: chama chao, TAHA, kilichoanzishwa mwaka 2004, kilifika mahali pa kuunda kampuni yake ya kushughulikia usafirishaji. Mkulima akilazimika kuwa wakala, ni dalili kwamba mahali pa wakala palikuwa wazi.

Na si maua tu. Tarehe 24 Julai, 2021, dozi 1,058,400 za chanjo ya UVIKO-19 zilipokelewa katika uwanja wa Dar es Salaam. Chanjo, damu, dawa za maabara, kipuri cha mashine iliyosimama kiwandani, vyote hivyo husafiri kwa ndege kwa sababu haviwezi kungoja meli. Kwa dunia nzima, mizigo inayokwenda kwa ndege haifikii hata asilimia moja ya uzito wa biashara ya kimataifa, lakini thamani yake inakadiriwa kuwa zaidi ya theluthi moja. Makosa yanayofanyika katika ghala la uwanja wa ndege ni makosa ya gharama kubwa.

Mengine ni makosa ya roho za watu. Tarehe 3 Septemba, 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS ilishika moto angani baada ya kuruka kutoka Dubai, ikaanguka, na marubani wake wawili wakafa. Wachunguzi walieleza kwamba moto ulianzia mahali palipokuwa na betri za lithiamu, na kwamba baadhi ya betri zilizokuwamo zilistahili kutangazwa kuwa ni mzigo wa hatari lakini hazikutangazwa hivyo. Mtu fulani alijaza karatasi, akaandika jina la kawaida, akapita. Wiki nane baadaye, tarehe 29 Oktoba, mabomu yaliyofichwa ndani ya mashine za kuchapisha yaligunduliwa katika vifurushi vilivyotoka Yemen, kimoja Uingereza na kingine Dubai. Tangu mwaka huo karatasi ya wakala haikuwa tena karatasi ya biashara peke yake.

Nchi mbalimbali ziliitikia kwa ukali. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni ambayo tangu Julai 2014 inalitaka shirika la ndege linaloleta mzigo kutoka nchi za nje, isipokuwa nchi chache zilizosamehewa, lithibitishwe usalama wake katika kila uwanja linakopakia. Wakala naye, na hata mwenye mzigo, wanaweza kuthibitishwa ili mzigo wao usikaguliwe upya. Asiyethibitishwa hungoja foleni. Kwa minofu ya samaki, kungoja ni kuoza.

Marekani ilikuwa imetangulia, na kisa chake kina mafunzo kwa yeyote anayetaka kujua chama cha mawakala ni cha nini. Sheria iliyotiwa saini tarehe 3 Agosti, 2007 iliagiza kwamba mizigo yote inayobebwa na ndege za abiria ikaguliwe: nusu yake ifikapo Februari 2009, na yote ifikapo Agosti 2010. Kwa maneno ni jambo rahisi. Kwa vitendo ilimaanisha kwamba mizigo iliyokwisha kufungwa pamoja na mawakala ingefumuliwa uwanjani, ikaguliwe kipande kwa kipande, kisha ifungwe upya huku ndege ikingoja. Mawakala wa nchi hiyo wana chama chao cha taifa, Airforwarders Association, kilichoanzishwa mwaka 1990. Chama hicho kingeweza kupiga kelele kwamba wanachama wake wanaonewa, na hapana shaka kelele kiasi zilipigwa. Lakini njia iliyofuatwa mwishowe, nacho kikiwa miongoni mwa walioiunga mkono, ilikuwa ni mawakala wenyewe kuubeba mzigo wa ukaguzi. Wakala aliyepewa kibali alikagua katika ghala lake kabla ya kufunga, akatia lakiri, na kila mkono uliopokea mzigo ukaandikwa mpaka mlangoni mwa ndege. Wadogo wasioweza kununua mashine walipeleka mizigo yao kwa maghala yaliyokubaliwa kukagua kwa malipo. Siku ya Agosti 2010 ilifika, na viwanja havikufunga.

Lililoonekana pale ni kwamba Serikali ilikubali kugawana kazi na mawakala kwa sababu kulikuwa na chombo cha kuzungumza nacho, na kwa sababu mawakala walikubali kukaguliwa wao pia. Chama kinachotaka haki ya kusikilizwa huinunua kwa nidhamu.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, sheria imekwisha kuweka msingi. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, inamhesabu wakala aliyeidhinishwa kuwa kama mwenye mzigo mwenyewe, kwa ushuru na kwa makosa. Yapo pia mafunzo ya cheti yanayotolewa kwa pamoja kati ya mamlaka za mapato na shirikisho la vyama vya mawakala vya nchi hizi. Hayo ni mambo mema. Lakini cheti cha forodha humfundisha mtu ushuru. Hakimfundishi moja kwa moja namna ya kutambua betri ya lithiamu iliyoandikwa “vifaa vya umeme”. Tangu tarehe 1 Aprili, 2016 betri za aina hiyo zinazosafirishwa peke yake kama shehena zimekatazwa katika ndege za abiria duniani kote. Wakala asiyelijua hilo ni wa hatari, na anayelijua akanyamaza ni mhalifu.

Tena kuna vishoka. Kila mtumishi aliyewahi kukaa dirishani anawafahamu: mtu asiye na ofisi wala leseni, anayeazima jina la kampuni yenye leseni, akajaza hati kwa jina hilo na kutoweka jambo likiharibika. Kishoka hawezi kuishi bila ya mwenye leseni anayekubali kuazimisha jina lake. Kwa hiyo kumkamata kishoka getini ni nusu ya kazi. Nusu ya pili imo ndani ya chama, maana wanachama ndio wajuao nani anaazimisha. Hapa ndipo chama kinapopimwa. Kikiwaficha kwa kuwa wanalipa ada, kimechagua upande.

Mwenye kudhani kwamba kosa la mmoja ni la mmoja akumbuke mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu iliyosemekana kutumiwa na baadhi ya wavuvi. Haikuulizwa nani alitia sumu na nani hakutia. Zilizuiwa nchi tatu kwa pamoja, na viwanda vya Mwanza vilivyokuwa safi viliumia sawa na vingine. Bomu moja au moto mmoja utokao uwanja wa hapa utahesabiwa hivyo hivyo.

Upo pia upande wa Serikali, nao usifichwe. Waraka ukitolewa Ijumaa jioni na kuanza kutumika Jumatatu asubuhi, mwenye kuuandika hajatenda uovu. Pengine hajui tu kwamba Jumamosi usiku kuna tani kadhaa za mboga njiani, zimekatwa tayari, na haziwezi kurudishwa shambani. Chama kinajua. Kuwaita wawakilishi wake kabla ya kuandika si kupunguza madaraka ya ofisi. Lakini na chama kijipange: shehena nyingi ya nchi hupita bandarini, na kwa sababu hiyo mazungumzo mengi ya mawakala ni ya meli na makontena. Panahitajika humo ndani sauti ya mizigo ya ndege, ya watu wanaohesabu saa na si wiki, ili ikifika zamu ya kuzungumzia vyumba vya ubaridi vya Kilimanjaro au ratiba za maofisa wa afya ya mimea usiku, asitokee mtu wa bandari kuwasemea.

Pa kuanzia pako karibu. Leseni za mawakala wa forodha hutolewa kwa mwaka, na kila mwaka huombwa upya. Kabla ya maombi ya mwaka ujao kufika mezani, chama kinaweza kuipelekea Mamlaka ya Mapato orodha ya wanachama wake waliothibitika kuazimisha majina au kuandika mzigo wa hatari kwa jina la uongo, pamoja na ushahidi na utetezi wa kila mmoja. Mamlaka nayo ijibu kwa maandishi imefanya nini kuhusu kila jina, na nakala ya jibu hilo ibandikwe katika lango la maghala ya mizigo pale uwanjani, mahali ambapo mkulima aliyeleta katoni zake kumi anaweza kuisoma kabla ya kumkabidhi mtu.