Kusahau kwa wazee si bulozi

Muzee akianza kusahau jina la mutoto wake, ao akipotea njia ya nyumba aliyokaa miaka 30, mu makambi na mu mitaa yetu neno moja linatoka mbio: bulozi. Kisha jamaa inagawanyika. Wengine wanakimbilia maombi, wengine wanamukimbia muzee mwenyewe. Sisi tunasema: simameni kwanza. Huu ni ugonjwa, na leo wenye elimu wanaweza kuonyesha mahali unapokula mu ubongo.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye ugonjwa huu, demansi, mu mwaka 2021. Zaidi ya 60 kwa 100 wanakaa mu inchi zenye mapato madogo na ya katikati. Hatuko peke yetu.

Wafanyakazi wa mugodi watasikia maelezo haya bila shida. Njia ya umeme kutoka Inga mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 1.700. Pompi ya kutoa maji ikisimama, pengine pompi ni nzima, kumbe waya imekatika mbali. Ubongo ni vile vile. Sehemu zake zinasemezana kwa nyuzi. Zamani wanganga walitafuta paka sehemu iliyokufa. Sasa wanatafuta pia mahali mawasiliano yamekatika.

Kwa kazi hiyo mashine moja haitoshi. Kuna IRM inayofuata mwendo wa maji ndani ya nyuzi, inaonyesha kama waya ni nzima. Kuna IRM ingine inayoangalia oksijeni ya damu, inaonyesha sehemu gani zinafanya kazi pamoja. TEP inaonyesha uchafu wa amiloidi na tau, sawa kutu. EEG inapima umeme wenyewe. Waya inaweza kuonekana nzima na umeme haupiti vizuri. Kutu inaweza kuanza miaka mingi mbele muzee asahau kitu. Ndiyo maana watafiti wanaziweka picha hizi pamoja.

Mu 2004, Michael Greicius na wenzake wa Stanford walionyesha kwamba kwa wagonjwa wa Alzheimer, mutandao wa ubongo unaofanya kazi wakati mutu anapumzika umelegea. Mu 2009, William Seeley na wenzake wa California walionyesha kwamba magonjwa 5 ya namna hii yanashambulia kila moja mutandao wake. Mumoja unaharibu kumbukumbu, mwingine unaharibu tabia. Basi muzee mupole anayeanza kutukana watu ovyo, pengine hakuingiwa na kitu: ni mutandao wake unaoharibika.

Na kwetu? Jean Ikanga, mwenye kutumika na chuo kikuu cha Emory huko Marekani na chuo kikuu cha Kinshasa, pamoja na wenzake, wamepima wazee wa Kinshasa kwa maswali ya kumbukumbu, kwa damu na kwa IRM. Kazi hii inaweza kufanyika mu Kongo.

Tusidanganye watu: dawa ya kuponyesha Alzheimer haijapatikana, na kuunganisha picha zote hizi kungali kazi ya watafiti. Lakini kusahau kote si Alzheimer. Kukosa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni kubwa, dawa zingine, vyote vinaweza kuvuruga akili, na vinatunzwa. Tena mutu aliyegongwa kichwa anaweza kuvurugika akili majuma ya nyuma, juu ya damu inayokusanyika polepole kando ya ubongo. Skana inaiona, na munganga anaweza kuitoa. Ni muchimbaji gani hajapata kugongwa kichwa?

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kampuni na Serikali, muweke mashine na wanganga wa ubongo karibu, kwa bei ambayo mufanyakazi na mustaafu wanaweza. Shaba na kobalti vinatoka huku. Matunzo nayo yafike huku. Na ninyi jamaa: muzee akianza kusahau, mumupeleke ku hospitali mbele ya kumuhukumu. Mwambieni munganga siku ilianza, dawa anazokunywa, na kama aligongwa. Mikono hiyo ndiyo iliwalisha. Musiifukuze nyumbani.